STAA, HUYO NEMO HATAKI! ACHA KUMSUKUMA NA WAVU

Kuna klipu imezunguka kinoma tangu juzi. Staa mmoja wa kike hapa mjini, jina namhifadhi ila ninyi wenyewe mnamjua, kaonesha tangi lake jipya la samaki sebuleni. Maji ya chumvi, taa za bluu, Nemo wawili na anemoni mmoja. Kwa asiyejua, anemoni ni yule mnyama laini wa baharini mwenye mikono mingi kama tambi, Nemo analala katikati yake.

Sasa hao Nemo hawaingii. Wamejibanza kona ya pampu. Fundi kachukua wavu, kawabana, anawasukumia kwenye anemoni huku mashoga wanacheka. Laiki kama mvua.

Mimi sijacheka. Nilipomaliza fomu foo nilisafisha matangi ya samaki kwa tajiri mmoja karibu mwaka mzima, kwa hiyo hapa siongei kwa kugugo.

Nemo wa sebuleni hana shida na anemoni. Baharini anamhitaji kwa sababu kuna wanaotaka kumla, na ile mikono inachoma adui wakati yeye ana ute unaomkinga. Kwako nani atamla, paka? Tena wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye matangi, anemoni hawajawahi kumwona. Wengine wanamzoea siku moja, wengine miezi, wengine hawaingii maisha yao yote. Halafu siyo kila anemoni ni wa kila Nemo. Yule wa rangi ya chungwa wa kwenye sinema ya 2003, kwa asili anakaa na aina tatu tu. Hata wa kwetu wa matumbawe ya Mafia na Unguja, yule mwenye mstari mweupe mgongoni, naye ana wake anaowachagua.

(Na dada, yule mkubwa unayemwita "baba mwenye nyumba" inawezekana kabisa ni jike. Wote huzaliwa madume, mkubwa ndiye anageuka. Tuendelee.)

Kinachoniuma ni anemoni mwenyewe. Tangi lina wiki mbili, kasema kwa mdomo wake. Anemoni anataka tangi lililotulia miezi sita hivi au zaidi, na taa kali, maana ndani yake kuna vijimea vinavyomlisha kwa mwanga. Huyo wa kwenye klipu ni mweupe pee. Watu wanakomenti "jamani anapendeza". Anapendeza wapi? Mweupe hivyo amepoteza vijimea vyake, ana njaa!

Anemoni asiyeridhika anatembea, na akitembea anakutana na pampu. Yule tajiri wangu alikuwa ananiambia kila wikiendi nimbandue anemoni nimsogeze karibu na kioo, wageni wamwone. Nilijua siyo, nikanyamaza, niliogopa kibarua kuota nyasi. Usiku mmoja akatembea, akavutwa na pampu, akasagika. Asubuhi maji yalikuwa kama uji wa jana, samaki wote wamelala ubavu juu. Nilikatwa mshahara miezi miwili. Hela nilishaisahau. Ile harufu bado.

Najua timu yake wanakuja: "wivu huo", "si samaki tu, mbona changu unakula?" Ndiyo, nakula, na ndimu juu. Ila changu simkimbizi na wavu wiki nzima ili nipate folowaz. Na anemoni anaweza kuishi miaka mingi kuliko umri wangu na wako, halafu wewe unamtoa baharini aje kufa kwenye stori ya saa 24?

Unataka waingie? Funika pampu na sponji. Mlishe anemoni kipande kidogo cha kamba mara moja moja. Zima muziki, kaa mbali, subiri. Kuna wanaobandika kwenye kioo picha ya Nemo aliye ndani ya anemoni eti wenzake waige. Mimi nilicheka nilipoambiwa, ila hiyo angalau haimuumizi mtu. Wakiamua kulala kwenye jiwe, basi, wamelala kwenye jiwe.

Staa, ombi langu ni moja. Mwezi ujao tupia klipu ya anemoni huyo huyo, siyo mpya wa dukani. Bando ninalo, nasubiri.