Ndoto ya uhandisi huzimwa mapema, kabla ya mtihani wa mwisho

KILA matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hawakosi watahiniwa waliopata alama ya B+ au hata A- ambao hugundua, baada ya vigelegele kutulia, kwamba kozi ya uhandisi waliyoitamani tangu utotoni hawawezi hata kuiomba. Hawakupungukiwa na alama. Waliacha somo la Fizikia miaka miwili kabla ya mtihani.

Katika mfumo wa 8-4-4, ambao kundi lake la mwisho limepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027, uamuzi huo umekuwa ukifanywa mwishoni mwa Kidato cha Pili. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni masomo ya lazima, na sayansi zisipungue mbili. Wengi walichagua Biolojia na Kemia, wakaiaga Fizikia, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na watahiniwa wachache zaidi katika sayansi hizo tatu.

Si haki kuwalaumu wanafunzi pekee. Shule isiyo na maabara wala mwalimu wa Fizikia huwa imekwisha kuwaamulia. Nyingine, jambo ambalo wasimamizi wake hawapendi kulikiri hadharani, huwashawishi wanafunzi wa kadiri waliache somo hilo ili alama ya wastani ya shule isiporomoke. Hivyo sifa ya shule hulindwa kwa gharama ya mustakabali wa mtoto.

Wazazi wengi hudhani kwamba alama ya jumla ndiyo hufungua milango yote. La hasha. C+ ni kizingiti tu cha kusomea shahada. KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kutwaa majukumu ya bodi ya awali ya JAB, hutazama pia kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi, ambalo upeo wake ni pointi 48. Kwa uhandisi, masomo hayo ni Hisabati, Fizikia, Kemia na jingine moja. Kwa udaktari ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, pamoja na somo la nne. Chukua wanafunzi wawili wenye pointi 70 kati ya 84, wote B+. Aliyevuna pointi zake katika sayansi na Hisabati atamwacha mbali mwenzake aliyezipata katika Historia na Dini, ingawa kwenye cheti alama yao ya jumla ni moja.

Mfumo mpya wa umilisi haujaondoa tatizo hili. Umelisogeza karibu zaidi. Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, wanafunzi walikuwa wamechagua mikondo wakiwa Gredi ya 9, yaani mwaka mmoja mapema kuliko wenzao wa 8-4-4. Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Serikali ililenga asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM.

Hapa pana mtego ambao haujazungumziwa vya kutosha. Jina STEM halimaanishi kwamba kila aliye ndani anaelekea kwenye uhandisi au udaktari. Mkondo huo una matawi matatu: sayansi asilia, sayansi tumizi na masomo ya kiufundi. Mbali na masomo ya lazima, Hisabati ikiwemo, kila mwanafunzi huteua masomo matatu. Anayechukua Fizikia, Kemia na Biolojia huwa ameacha wazi milango yote miwili. Anayechagua Biolojia, Kilimo na Sayansi ya Nyumbani yumo STEM vilevile, lakini msingi wa uhandisi hana.

Ipo njia ya kuzunguka. Aliyekosa nafasi ya shahada anaweza kuanza na stashahada katika chuo cha kiufundi, kisha apande. Ni njia ya heshima na imewatoa wahandisi hodari, ila huongeza miaka na karo.

Mzazi anayetafutia mwanawe nafasi ya Gredi ya 10 basi asiulize tu kama shule ina mkondo wa STEM. Aulize ni masomo gani matatu hufundishwa kwa pamoja, Fizikia ina walimu wangapi, na wanafunzi huingia maabara mara ngapi kwa muhula. Kundi la kwanza litakamilisha Gredi ya 12 mwaka 2028, na maabara isiyokuwepo leo haitamfaa mtahiniwa ikijengwa mwaka huo.