Kwa nini wabunifu wa Mathare hukwama kabla ya kufikia mahojiano

HUDUMA ya M-Pesa ilipokuwa ikifanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005, Mathare ilikuwa mojawapo ya sehemu chache zilizoteuliwa, pamoja na katikati mwa jiji la Nairobi na mji wa Thika. Wateja wa shirika la mikopo midogo la Faulu, ambao hawakuzidi 500, walifundishwa kulipa mikopo yao kwa simu. Muda si muda, baadhi yao wakaanza kuitumia huduma hiyo kwa mambo ambayo waliobuni mpango huo hawakuyatarajia, hasa kutumiana pesa. Kampuni ya Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, ilikuwa imeacha kuizungumzia mikopo na badala yake ikawahimiza Wakenya kutuma pesa nyumbani.

Hivyo basi, wakazi wa mtaa huu wamewahi kuwafunza wabunifu wa kampuni kubwa kazi yao. Lakini miongo miwili baadaye, kijana wa Mabatini au Kosovo anayetaka kuajiriwa kama mbunifu katika kampuni ya aina hiyo angali anakabiliwa na mlolongo wa hatua unaomwondoa mapema, na mara nyingi si kwa sababu ya upungufu wa kipaji.

Nafasi zenyewe zimeongezeka. Benki, kampuni za simu na mashirika ya kimataifa yenye ofisi Nairobi yanahitaji watu wa kubuni sura ya programu za simu na tovuti. Microsoft ilianzisha kituo chake cha kuunda programu jijini mwaka 2019, nayo Google ikatangaza mpango wa kituo kama hicho mwaka 2022. Kutoka Mathare hadi Westlands, ambako nyingi ya ofisi hizi ziko, ni mwendo wa kilomita chache tu.

Safari huanzia kwenye tovuti. Mwombaji hujaza fomu inayouliza elimu, miaka ya tajriba na anwani ya mtandaoni ambapo kazi zake zinaweza kuonekana. Katika kampuni nyingi kubwa, programu ya kompyuta husaidia kuchuja maombi kabla ya afisa yeyote kuyasoma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine pekee. Ni nadra kusikia mwombaji akiidai haki hiyo. Aliyenyimwa kazi kwa kawaida hupata ujumbe mfupi wa kumshukuru, au asipate chochote.

Wanaofaulu kuvuka hapo hutathminiwa kwa kazi walizowahi kufanya. Hapa ndipo kijana wa Eastlands angetarajiwa kung'aa, maana sanaa ya kubuni imekita mizizi mitaani. Matatu za Nairobi zilipakwa rangi na picha kwa ustadi ambao haukufunzwa darasani, nao wachoraji wakaandamwa na polisi kwa miaka mingi hadi Rais Uhuru Kenyatta alipotaka waachwe mwaka 2014. Mabango ya vinyozi, nembo za timu za kandanda na matangazo ya matanga na harambee yote hubuniwa na mtu.

Tatizo ni kwamba jopo la ajira halitazami picha peke yake. Linataka kusoma maelezo: shida ilikuwa ipi, mbunifu alizungumza na watumiaji gani, alichora nini kwanza, alikataa nini na kwa nini, na hatimaye mambo yalibadilika vipi. Kazi tatu zilizoelezwa hivyo huwa na uzito kuliko picha 30 zisizo na maneno. Kanuni hii hujulikana na aliyesoma chuo cha ubunifu au aliye na rafiki ndani ya kampuni, lakini mara nyingi tangazo la kazi haliisemi. Mchoraji wa mabango wa barabara ya Juja huwa amefanya yote hayo kichwani. Amejua kwamba mama mboga anataka nambari ya simu ionekane kutoka upande wa pili wa barabara, akaikuza na kuliondoa ua alilokuwa amechora pembeni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba uamuzi huo ndio unaotafutwa.

Hatua inayowaumiza wengi zaidi ni zoezi la kufanyia nyumbani. Mwombaji hupewa swali, kwa mfano abuni upya ukurasa wa kukopa kwenye simu, na kutakiwa kurejesha jibu baada ya siku chache. Kampuni husema ni kazi ya saa tatu au nne. Wanaoitaka kazi hiyo kwa dhati hutumia siku mbili, wakijua kwamba wapinzani wao wanafanya vivyo hivyo. Programu ya Figma, ambayo wabunifu wengi huitumia, hutegemea intaneti. Mwenye kipakatalishi, umeme wa uhakika na chumba chake hulala mapema. Anayeishi na ndugu wanne katika chumba cha mabati, ambako umeme hupotea bila taarifa, hulazimika kulipia saiba kwa saa. Zoezi lililokusudiwa kupima ubunifu huishia kupima mfuko.

Isitoshe, zoezi hilo kwa kawaida halina malipo. Mtumiaji anayealikwa kujaribu programu kwa saa moja mara nyingi hupewa ahsante ya pesa kidogo au muda wa maongezi. Anayeibuni kwa siku mbili akitafuta kazi haambulii kitu. Kuna pia suala la umiliki. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huichukulia kazi iliyoagizwa kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa pawepo na makubaliano tofauti. Iwapo zoezi la ajira ni kazi iliyoagizwa ni jambo ambalo mawakili wanaweza kubishania, lakini mwombaji makini hutaka iandikwe mapema kwamba kazi yake ni yake hadi atakapoajiriwa.

Mahojiano hufuata, yakihusisha mkuu wa wabunifu, wahandisi na afisa wa idara ya wafanyakazi. Huendeshwa kwa Kiingereza, na anayefikiri kwa Sheng hutafsiri huku akijieleza. Swali la makazi nalo huja, pengine bila nia mbaya. Kwa bahati mbaya, wapo wanaosikia jina Mathare wakawaza uhalifu, au hospitali ya wagonjwa wa akili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi unaotokana na asili ya mtu kijamii hata wakati wa kuajiri, na kumtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ila aliyebaguliwa kimyakimya atajuaje ili ashtaki?

Kisha kuna vyeti: vya KRA, HELB, EACC, CRB na kile cha polisi cha mwenendo mwema, ambacho ada yake imekuwa Sh1,050 na huhitaji alama za vidole. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti vya aina hii kabla ya kunuia kumpa mtu mkataba. Hata hivyo, wapo waombaji wanaovitafuta mapema wakihofia kupitwa. Kwa familia zilizosombewa mali na mafuriko ya Aprili 2024, kisha nyumba zilizo kando ya mto Mathare zikabomolewa mwezi uliofuata, kazi ya kwanza ni kupata upya kitambulisho na cheti cha shule, na bila kitambulisho safari ya kutafuta vyeti hivyo vingine haianzi.