Ni nani alijenga mji wetu?

Darasani tunajifunza kwamba reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie, zamani Albertville, mwaka 1915. Ni kweli. Lakini ni nani alichimba udongo kando ya mto Lukuga? Ni nani alibeba vile vyuma? Vitabu vinataja kampuni, ile CFL. Majina ya wakambo wetu hapana.

Majina hayo yako kwa wazee, waliyasikia kwa baba zao: nani alitoka kijiji gani, nani hakurudi, kwa nini jamaa ilibaki hapa ziwani. Na wazee wanatuacha mmoja mmoja.

Basi sisi tunasema: likizo hii kila mwanafunzi ashike kaye, akae karibu na babu, aulize, aandike. Tukingoja, tutabaki na tarehe tu.