Bahari ni ile ile, kwa hiyo?

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nakuna nazi, redio imewashwa, mshauri wa ndoa anawafundisha watu namna ya kusafiri na wenzi wao. Mkipata senti, alisema, pelekaneni Dubai, mkapande maghorofa, mkanunue vitu. Msijitese kwenye gari siku nzima mkitafuta magofu ya pwani, maana mtu wa pwani bahari anaijua, na bahari ni ile ile. Mtangazaji akacheka kweli kweli. Kidogo nijikate na mbuzi.

Maneno hayo nimeyasikia hata ukumbini kwangu. Tuliporudi kutoka Oman, mimi na mume wangu, shemeji yangu aliuliza mbele ya wageni: "Yaani mmetoka Tanga kwenda kutazama bahari?" Wageni wakaangua kicheko, nami nikawapelekea chai.

Leo nijibu. Ndiyo, shemeji. Tulikodi gari Maskati tukashika barabara ya pwani kwenda Sur, kilomita mia mbili hivi, kushoto bahari, kulia milima isiyo na jani. Mume wangu amezoea usukani wa kulia, kwa hiyo kila alipotaka kukata kona aliwasha vipangusio vya kioo badala ya indiketa. Jua kali, anga kavu, vipangusio vinacheza. Nilicheka hadi Qurayyat, yeye akanuna hadi Tiwi, tukapatana kwa samaki.

Kabla ya kufika Sur kuna Qalhat, mji uliokuwa bandari kubwa na sasa ni vifusi juu ya bahari, na jengo moja la pembe nne linaloitwa kaburi la Bibi Maryam. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Msafiri Ibn Battuta alifika hapo kwa miguu akitokea upande wa Sur, nyayo zimevimba, baada ya mwongozaji wake kutaka kumwibia nguo. Mtu huyo huyo alikuwa Kilwa mwaka 1331. Alikwisha kuiona bahari yetu, na misikiti yetu, na sultani wetu, lakini hakusema Qalhat ni ile ile akageuza chombo. Alikula samaki wa kuchoma juu ya wali akamsifu katika kitabu chake. Wareno nao hawakuona tofauti: Kilwa waliipora mwaka 1505, Qalhat wakaichoma mwaka 1508.

Basi bahari ni moja, nakubali, na hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Mtu akikuambia njia inayopita mlangoni pako ina mwisho wa pili, utakaa barazani maisha yako yote bila kutaka kuuona?

Sur ndiko nilikozifikiria boriti. Vyombo vya huko vilishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji, vikarudi na kusi vimebeba boriti za mikoko, kwa sababu nchi ile haina miti ya kuezekea. Upana wa chumba cha zamani katika Ghuba uliamuliwa na urefu wa boriti iliyokatwa kwetu, kama ulivyoamuliwa upana wa chumba cha Lamu. Boriti zetu, shemeji! Dari zao zilisimama juu ya miti yetu, nawe unaniuliza nilikwenda kutazama nini. Na si miti tu iliyobebwa. Karne ya 19 wazazi wa Unguja waliwaficha watoto vyombo vya kaskazi vilipotia nanga, wakiogopa waibwe wakauzwe. Hilo nalo nililikumbuka nikiwa nimesimama kwenye hori ya Sur, na ghorofa la Dubai lisingenikumbusha.

Yupo aliyeniambia eti magofu hayapendezi kwenye picha. Sawa, ndugu, piga picha na lifti.

Wanaosema safari kama hii ni israfu ndio hao hao wanaonitumia kadi za michango ya harusi kila wiki, nichangie keki ya ghorofa saba, ukumbi, na mshereheshaji wa kupiga kelele hadi usiku wa manane. Hapo hakuna anayesema keki ni ile ile. Watu wa Sur nao huchanga: jahazi lao Fatah al-Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951, lilikuwa limeishia Yemen, wakachangishana, wakalirudisha mwaka 1993. Sasa limewekwa nchi kavu, kila mtoto anaweza kuligusa. Kwetu Tongoni, mwendo mfupi tu kutoka Tanga mjini, kuna makaburi ya nguzo ambayo shemeji hajawahi kukanyaga. Nilimuuliza.

Pale penye jahazi mzee mmoja alitusikia tukibishana nani kapoteza ufunguo wa gari. Akaja, akasema kwa Kiunguja safi: "Umo mfukoni mwako, mwanangu, naona ncha yake." Alizaliwa Ng'ambo, Unguja. Alitukalisha, akatupa kahawa na halua, akataka kujua bei ya nazi siku hizi. Mume wangu hakuwahi kukaa kimya muda mrefu hivyo tangu tuoane.

Mwakani tunakwenda Salalah, kilomita elfu moja hivi kutoka Maskati, kwa gari. Dubai tutabadilisha ndege tu.