KUKIMBIA HAIKO AZABU

Ndugu wanafunzi, mabwana na mabibi walimu,

Leo siandiki juu ya usafi wa madarasa wala juu ya makelele wakati wa sala, mambo ambayo mmezoea kuyasikia kwangu mpaka mmechoka. Nataka kusema juu ya mbio, na kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe.

Mnajua desturi yetu. Kengele ya asubui ikilia na mlango ukifungwa, mwenye kukawia anaandikwa, kisha anazunguka uwanja mara kumi. Mimi kama mkubwa wa wanafunzi ninasimama pale na filimbi, ninahesabu. Siku moja mwaka huu mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili, anayekuja kwa miguu, alikawia mara ya tatu kwa juma moja. Nikamwambia azunguke mara ishirini. Aliniangalia, akasema polepole: «Yaya, nitakimbia. Lakini leo nimekwisha kukimbia.» Wengine wakacheka. Mimi nikaona ni kiburi, nikamwongeza tano.

Alikimbia zote ishirini na tano, hakusimama hata mara moja. Kisha akaketi chini ya mwembe, miguu inatetemeka, akatapika mai matupu. Nilipomletea mai ya kunywa, kaye yake ilikuwa imeanguka wazi. Ukurasa wa mwisho ulijaa tarehe na hesabu: siku hii kilometa nne, kwenda na kurudi; siku hii mvua, sikukimbia; siku hii kilometa sita, mguu unauma. Na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, ameandika 42,195.

Kumbe yule mtoto anaamka saa kumi na nusu ya usiku. Anakimbia giza likiwa bado, anarudi, anachota mai, anasukuma kinga yenye mihogo ya mama yake mpaka soko, halafu anakuja masomo bila kula kitu. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akajibu: «Yaya, niko najitayarisha marathon. Siku moja nataka nikimbie New York. Njo maana naandika.»

Ndugu zangu, saa ile ambayo yeye alikuwa njiani, mimi nilikuwa nimelala. Nani kati yetu wawili alistahili azabu? (Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike haya, ila jina lake nalificha.)

Neno langu ni hili: shule yetu inakosa kwa kufanya mbio kuwa azabu. Kitu unachopewa kama fimbo, utakichukia maisha yako yote. Kama mwenye kukawia angelazimishwa kila siku kusoma Zaburi kumi kwa sauti mbele ya wenzake wanaocheka, je, tungetoka hapa tunazipenda Zaburi? Vivyo hivyo tumewafundisha watoto mia kwamba anayekimbia ni mtu mwenye makosa. Hata akipita mtu barabarani anakimbia kwa mapenzi yake, tunamwuliza: «Nani anakufukuza?»

Wengi wetu hatujui marathon ni kitu gani. Ni kilometa 42 na meta 195. Ili mwelewe: kutoka mjini mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka ni kilometa karibu 17. Nenda mpaka Bangboka, rudi mpaka mjini, na bado kilometa nane zinakungoja. Hakuna mtu anayeweza kazi ile kwa nguvu za siku moja. Inaomba miezi, na kwa wakubwa inaomba miaka.

Tumtazame Eliud Kipchoge wa Kenya. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, alikimbia urefu huo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa maana wasaidizi walikuwa wanapokezana mbele yake, lakini alionyesha kwamba mtu anaweza. Mwaka 2022 huko Berlin alikimbia kwa 2:01:09, na hiyo ikahesabiwa rekodi, mpaka Mkenya mwenzake Kelvin Kiptum alipoipita huko Chicago mwaka 2023 kwa 2:00:35. Watu wanaona saa mbili hizo tu, lakini nyuma yake ni nini? Kwa miaka mingi mtu huyu, ambaye angeweza kulala katika nyumba kubwa, alilala kambini Kaptagat pamoja na wakimbiaji wengine, siku za juma mbali na mke na watoto. Walipokezana zamu za kufagia na kuosha vyoo, naye akiwamo. Kwa juma moja walikimbia kilometa 200 hivi. Siku nyingine polepole sana, siku nyingine kwa nguvu, na siku ya mbio ndefu kilometa 30 au 40 asubui na mapema. Na kila mazoezi aliyaandika katika daftari, sawasawa na leki wetu na kaye yake! Niliposoma hayo, niliona haya.

Tena tusikie vizuri, sisi vijana wenye haraka. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa meta 5,000 mwaka 2003 huko Paris, akiwa na miaka 18, umri wangu mimi. Marathon yake ya kwanza ilikuwa Hamburg, mwaka 2013. Miaka kumi katikati! Kwa hiyo, mimi sisemi kesho wote tutoke tukimbie kilometa 42. Mashindano ya London, New York na Boston hayakubali mtu aliye chini ya miaka 18, na wana sababu, kwa maana mifupa ya mtoto bado inakua. Kilometa tano, kisha kumi, hizo zinatosha kwa miaka yetu ya masomo.

Najua wengine watasema: «Wale ni watu wa milima. Sisi wa Kisangani tuko na nini?» Ni kweli, Kaptagat iko juu meta zaidi ya 2,000, na hewa nyembamba ya kule inafanya mwili kuongeza chembe nyekundu za damu. Sisi tuko meta 400 hivi, katika joto na unyevu wa mto. Lakini joto nalo ni mwalimu. Mwenye kuzoea kukimbia katika joto, kwa majuma mawili hivi mwili wake unajifunza kutoa jasho mapema, na maji ya damu yake yanaongezeka. Mwaka 2019, katika mashindano ya dunia huko Doha, wanawake walianzishwa marathon karibu na saa sita ya usiku kwa kuogopa jua; hata hivyo, kati ya 68 walioanza, 40 tu walifika mwisho. Joto linafundisha, na joto linaweza kuua. Ndiyo sababu mwenye akili anakimbia kabla ya jua na anakunywa mai. Azabu yetu sisi inatolewa wakati jua limekwisha kupanda, kwa mtoto asiyekula, bila mai. Wakimbiaji wakubwa wasingethubutu kufanya hivyo.

Wengine watasema Wakongomani hawawezi. Ilunga Mande Zatara alikimbia marathon ya Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa ajili ya inchi yetu. Mwaka 2016, huko Rio, alikimbia Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kirotshe karibu na ziwa Kivu. Jamaa yake walikimbia vita, akakulia Marekani, halafu akarudi Kirotshe kuwafundisha vijana mbio. Hawakuleta medali. Lakini walijitayarisha, walisimama pale kwenye mstari pamoja na wakubwa wa dunia, na jina la Kongo lilisomwa.

Na wale wanaokata tamaa wamkumbuke Juma Ikangaa, askari wa Tanzania. Mwaka 1988 huko Boston alikuwa wa pili, nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Sekunde moja, baada ya kilometa 42! Mwaka 1989 akarudi Boston, akawa wa pili tena. Mtu mwingine angeacha. Yeye alirudi kwenye mazoezi, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule akashinda New York kwa 2:08:01, wakati ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikisha katika njia ile. Sasa mnielewe, hasa ninyi mlioanguka katika mitihani ya nusu mwaka.

Dada zetu pia wasifikiri ni habari ya wavulana. Tegla Loroupe wa Kenya alishinda New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Hapa kwetu msichana akikimbia anachekwa, isipokuwa anapokimbia kwa azabu. Je, hii ni akili?

Iko na jambo moja la kutuonya. Ruth Chepngetich, mshindi wa ile marathon ya Doha, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia chini ya saa 2 na dakika 10, huko Chicago mwaka 2024. Mwaka 2025 alifungiwa miaka mitatu kwa sababu dawa iliyokatazwa ilikutwa katika mwili wake. Sasa hata mambo yake mengine watu wanayatazama kwa mashaka. Sisi wa mwaka wa mwisho, tunaongojea egzame ya Leta, tuyafikiri hayo. Kuna watu wanaozunguka wakiuza majibu, na majibu ya kununua yanakupeleka mbele leo, lakini huwezi tena kusema «nilijitayarisha.»

Basi, naomba nini? Mambo matatu tu, na ninayapeleka kwa heshima mbele ya Bwana Prefe na walimu.

La kwanza: azabu ya kuzunguka uwanja iachwe. Mtaniuliza, wakawiaji tuwafanye nini? Kufagia? Hapana, kufagia pia kusiwe azabu, maana Kipchoge aliosha vyoo bila kosa lolote. Aliyepoteza wakati arudishe wakati. Abaki baada ya masomo, anakili somo lililompita. Na kabla ya kumwandika, tumwulize kwanza sababu. Mimi sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu kubwa kupita zile zamu ishirini na tano.

La pili: tuanze kundi la mbio la Posho asubui, wavulana na wasichana, pamoja na mwalimu mmoja atakayekubali kutuongoza. Viatu visiwe kizuizi, kwa maana Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathon ya Olimpiki huko Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini njia yetu iko na vipande vya chupa, basi tuanzie hapa hapa uwanjani, kwenye majani. Uwanja ule ule tulioufanya mahali pa haya uwe mahali pa furaha.

La tatu: kila mmoja wa kundi alete kopo moja la unga kwa mwezi, tupike uji baada ya mbio. Tumbo tupu halifundishwi kitu, wala mbio, wala hesabu.

Wengine watasema kwamba mkubwa wa wanafunzi anataka kupendwa na wadogo kabla hajatoka shuleni. Hapana. Mimi si mkimbiaji. Juma lililopita nilijaribu kumfuata leki wetu asubui, na kilometa ya pili ilinishinda, nikaketi kando ya njia kama mzee. Alirudi kunichukua. Hakunicheka, akasema tu: «Polepole, yaya. Kesho tena.»

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa wakimbiaji. Watu wale walimwelewa, kwa maana michezo mikubwa ilifanywa karibu na mji wao, na mshindi alivikwa taji la majani, linalonyauka. Paulo hakusema mbio ni azabu. Alizitumia kuonyesha namna mtu anavyojitawala kwa kusudi. Kama yeye aliziona hivyo, sisi shule ya Kikristo tunazifanya fimbo kwa sababu gani?

Posho inayokuja, saa kumi na mbili kamili, nitakuwa uwanjani. Filimbi nitaiacha nyumbani. Mwenye kuja aje.

Ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho