Mnaohesabu Kodi Yetu, Wahesabuni na Wasio na Kazi

Kila mwisho wa mwezi Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hututangazia bei ya unga, sukari, mafuta taa na nauli. Tunaambiwa, hadi nukta ya mwisho, jinsi gharama ya maisha ilivyopanda au kushuka. Jambo hilo ni jema nasi hatulipingi. Lakini bei ya unga yamfaa nini mtu asiye na shilingi ya kuununulia? Ni Wakenya wangapi waliopoteza kazi mwezi uliopita, na wangapi waliopata? Toka Harambee Avenue hadi Upper Hill, bisha katika kila jumba la serikali: hakuna takwimu ya kila mwezi inayojibu swali hilo. Utaelekezwa kwenye Ripoti ya Hali ya Uchumi, ambayo hutoka mara moja kwa mwaka ikisimulia mambo ya mwaka uliokwisha kupita. Mgonjwa hupimwa homa leo, naye huambiwa matokeo akiwa ama amepona ama amezikwa.

Na tazameni ripoti hiyo husema nini. Ile ya mwaka 2025 ilitangaza kwamba nafasi 782,300 za kazi zilizalishwa mwaka 2024, idadi iliyo chini ya ile ya mwaka 2023, ambayo ilipita 848,000. Waheshimiwa waliitwaa idadi hiyo wakaipandisha jukwaani. Hawakuwa na haja ya kuongeza kwamba 703,700 kati ya nafasi hizo zilikuwa za jua kali. Yaani katika kila kazi 10 mpya, 9 hazina barua ya ajira, hazina likizo, wala hazina malipo ya uzeeni.

Sisi hatuidharau jua kali. Mafundi wa samani wa Ngong Road na akina mama wauza mboga wa Kangemi ndio wanaoulisha mji huu. Tunachokataa ni jina la "ajira" kugeuzwa blanketi la kufunikia dhiki. Mama atokaye Kawangware alfajiri, akavuka barabara hadi Lavington, akasimama nje ya malango ya wenye nacho akiulizia nguo za kufua, akapata kazi ya asubuhi moja tu katika juma zima, huyo kwa kanuni ya takwimu ameajiriwa. Kipimo hicho, kilichotoka Shirika la Kazi Duniani, humhesabu kuwa mfanyakazi kila aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja katika siku 7 zilizopita. Ndiyo sababu Afrika Kusini hutangaza ukosefu wa kazi unaozidi asilimia 30, nasi mwishoni mwa mwaka 2020 tukatangaza asilimia 5.4. Je, yuko Mkenya anayeamini kwamba vijana wetu wameneemeka mara sita kuliko wale wa Soweto? Ukweli ni kwamba maskini wa Kenya hawezi kumudu kukaa bure. Asiyeuza karanga leo, watoto wake watalala njaa usiku wa leo.

Wazee wetu waliwahi kuyaona haya katika sura nyingine. Mwaka 1988, katika kura ya mlolongo ya chama tawala, wananchi walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya wagombea wao. Mahali kadha wa kadha mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi, na mwenye foleni ndefu akarudi nyumbani ameshindwa. Umma uliona kwa macho yake jambo moja, ukasikia kwa masikio yake jambo jingine. Takwimu zetu za ajira ni mlolongo huo huo. Foleni ndefu tunaiona kila asubuhi, ikitoka Kawangware na Kangemi kwa miguu, ikiteremka Valley Road na Waiyaki Way kuelekea mjini na hatimaye Industrial Area. Tangazo linasomwa la foleni fupi.

Tumeahidiwa mengi. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano: waajiri wa binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama navyo visidai nyongeza ya mishahara. Mapatano ya namna hiyo yakarudiwa mwaka 1970, kisha 1979. Mwaka 2002 tuliahidiwa kazi 500,000 kila mwaka. Mwaka 2009 ukaja mpango wa Kazi kwa Vijana, na mwaka 2020 ukaja Kazi Mtaani, vijana wakapewa fyekeo na reki. Ahadi zote hizi zina kasoro moja: hakuna siku iliyowekwa ya kuzipima. Ahadi isiyo na siku ya hesabu ni sawa na deni lisiloandikwa, na mahakamani sisi mawakili twajua hatima ya deni la namna hiyo.

Yasisemwe kwamba serikali haina uwezo wa kujua. Inajua! Kila mwezi, kabla ya tarehe 9 kupita, kila mwajiri halali katika nchi hii hutakiwa kuwasilisha kwa KRA orodha ya wafanyakazi wake pamoja na kodi ya PAYE. Hata mshahara mdogo usiofikia kiwango cha PAYE hukatwa mchango wa NSSF, na asilimia 1.5 ya nyumba chini ya sheria ya mwaka 2024. Jina likitoweka katika orodha hizo, serikali hulikosa mwezi huo huo, kwa kuwa limekosa kulipa. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi amjulishe afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla. Na sheria ya mwaka 2016 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira inaiagiza mamlaka hiyo iweke daftari la watafutao kazi. Basi wanaofutwa wanajulikana, wanaotafuta wana daftari lao kisheria, na wanaolipwa wanajulikana kwa jina na kwa senti. Mfanyakazi huhesabiwa akikamuliwa. Akisha kukauka, hesabu humkimbia.

Mimi ni wakili na kamishna wa viapo. Vijana hupanda ngazi hadi ofisini kwangu, wengine wakiwa na shahada, ili nithibitishe nakala za vyeti vyao au niwaapishe kwamba majina mawili yaliyo kwenye vyeti viwili ni ya mtu mmoja. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asimdai mtafuta kazi hati za kibali kabla ya kukusudia kumwajiri. Hata hivyo wapo ambao bado huja na rundo la karatasi walizoambiwa wazilipie kwanza. Kijana huyo ameombwa athibitishe kila neno la maisha yake. Kwa nini serikali yake isiombwe kuthibitisha neno moja tu kuhusu kazi?

Watasema jua kali haimo katika orodha za KRA. Ni kweli, na kwa sababu hiyo twataka utafiti wa nyumba kwa nyumba uende sambamba nazo. KNBS iliwahi kuutoa kila robo ya mwaka, nao ndio uliotufichulia kwamba pigo la korona lilipandisha ukosefu wa kazi kutoka asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya mwaka 2020 hadi 10.4 katika robo ya pili. Kwa ripoti ya mwaka peke yake, msiba ule ungezikwa ndani ya wastani. Watasema pia kwamba takwimu mbaya huchochea wananchi. Njaa haingojei takwimu ili ichochee. Vijana waliojaa barabara za katikati ya jiji mnamo Juni 2024 hawakutoka kwa kusoma jedwali.

Ila tusijidanganye kwamba kuhesabu kunatosha. Marekani hutangaza hali ya ajira kila mwezi, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza. Tarehe 1 Agosti 2025 takwimu zilipotoka mbaya, Rais Donald Trump alimfuta siku hiyo hiyo Erika McEntarfer, mkuu wa idara ya takwimu za kazi, akidai zimechezewa bila kutoa ushahidi. Ikiwa mambo ni hayo kwa wenzetu waliozoea kuhesabu, sisi twahitaji kinga madhubuti tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, idadi ya walioajiriwa na waliofutwa katika sekta rasmi itangazwe kila mwezi, kaunti kwa kaunti, bila kutaja jina la mtu. Pili, utafiti wa ajira wa kila robo ya mwaka ulazimishwe na sheria, nao uwatenganishe wenye kazi kamili na wenye kibarua cha saa chache. Tatu, tarehe za kutangaza ziwekwe mwaka mzima kabla, na mwanasiasa asiione hesabu kabla ya mwananchi. Nne, mkuu wa takwimu asiweze kuondolewa kwa sababu ya hesabu aliyoitoa.

Madai haya si hisani tunayoomba. Kifungu cha 35(3) cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Serikali itachapisha na kutangaza habari yoyote muhimu inayoathiri taifa. Kifungu cha 55 kinaiagiza ichukue hatua ili vijana wapate ajira. Wajibu wa kuchukua hatua usio na kipimo hauwezi kushtakiwa wala kutetewa. Ni maneno matupu. Basi mwandikieni mbunge wenu, mwandikieni Waziri wa Leba, mkitaja vifungu hivyo viwili, na muulize swali moja: mwezi uliopita, wangapi? Naye akishindwa kujibu, mwulizeni tena mwezi ujao.