Tusisubiri Mazishi Ndipo Tukutane



Shule zimefungwa. Watoto tunao nyumbani kwa majuma machache haya ya Agosti. Mvua kubwa imepungua, mahindi yanavunwa, na jua linawaka vizuri juu ya ziwa. Leo sitafundisha juu ya kufunga wala kukesha. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mimbarini halisikiki sana: kutoka nje na watu wako, kukaa chini ya mti, kula, kucheka na kupumzika bila kuona kwamba unaiba muda wa Mungu.

Tazama sisi watu wa Migori na Homa Bay tunavyokutana. Mtu akifariki, simu zinapigwa hadi Nairobi na Mombasa. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa siku hiyo hiyo. Basi linakodishwa, hema linasimamishwa, viti vinaletwa, ng'ombe anachinjwa. Ndugu ambao hawajaonana kwa miaka wanakaa pamoja usiku kucha. Sipingi. Lakini soma Warumi 12:15 polepole. Paulo anatuagiza kufurahi na wanaofurahi kabla hajafika kwenye kulia na wanaolia. Sisi tumeushika mwisho wa mstari, mwanzo wake tumeuacha.

Katika utumishi huu nimesimama kwenye makaburi mengi. Nimeona watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja wakitambulishwa kwa mara ya kwanza kando ya jeneza. Nimesikia wasifu wa marehemu ukisomwa: shule alizosoma, kazi alizofanya, vyeo alivyoshika. Kisha mtoto anayesoma anafika kwenye sehemu ya "baba yetu nyumbani" na hana la kusema. Karo ililipwa, nyumba ilijengwa, lakini hakuna siku hata moja anayoikumbuka ambayo baba alikaa tu naye. Wapendwa, hilo ni pengo ambalo hakuna hema wala sufuria ya pilau itakayoliziba.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, hayo yako wapi kwenye Neno?" Fungua Walawi 23, kuanzia mstari wa 39. Baada ya mavuno, Mungu aliwaagiza Waisraeli watoke nyumbani mwao wakae siku 7 katika vibanda vya matawi ya miti. Hiyo ilikuwa amri, si ushauri. Taifa zima linalala nje, watoto wanakimbia kati ya vibanda, wazee wanasimulia jinsi Mungu alivyowatoa Misri. Halafu nenda Kumbukumbu la Torati 16:14 uone orodha ya wanaoambiwa wafurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumishi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Hata Mlawi, mtu wa madhabahu, yumo. Watumishi wenzangu, hapo tumetajwa.

Mwingine atasema, "Acha kwanza mambo yanyooke. Karo ya muhula ujao sijapata." Ninakuelewa. Lakini soma Nehemia. Sura ya 7, mstari wa 4, inatuambia mji ulikuwa mpana, watu wachache, na nyumba hazijajengwa. Sura ya 8, mstari wa 17, watu hao hao wanajenga vibanda na furaha yao inakuwa kubwa sana. Hawakungoja nyumba ziishe ndipo wafurahi mbele za Mungu. Ukingoja matatizo yaishe ndipo ukae na watoto wako, watoto watakuwa wameshahama.

Wako pia wanaoamini kwamba ziwani ni mahali pa walevi na muziki wa dunia, kwa hiyo mtu aliyeokoka asionekane huko. Mimi nauliza, ni nani alimwandikia shetani hati ya ufuo? Bwana wetu aliwaita wavuvi kando ya ziwa na akahubiri akiwa ndani ya mashua. Ziwa Victoria, Nam Lolwe yetu, lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800 hivi. Galilaya haifiki 170. Hata ile sehemu iliyo upande wa Kenya peke yake, karibu asilimia 6 tu, inaizidi Galilaya zaidi ya mara 20. Mungu ametuwekea ziwa kama hilo mlangoni, nasi tunalitazama kama mahali pa kununulia omena basi.

Na ukisoma Yohana 21 utamwona Yesu aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, akiwa amewasha moto wa makaa ufuoni, samaki juu yake, na mkate. Anawaita wanafunzi wamechoka na kazi ya usiku waje wafungue kinywa. Mambo mazito aliyokuwa nayo na Petro aliyaleta baadaye, walipokwisha kula.

Hapa akina baba nisikilizeni. Aliyechoma samaki siku ile ni Bwana mwenyewe. Matembezi ambayo mama anaamka saa kumi alfajiri kupika, anabeba vyombo, anapakua, anaosha, na jioni anarudi amevunjika mgongo, hayo kwake si mapumziko, ni kazi iliyohamishwa. Ile orodha ya Kumbukumbu la Torati ilimtaja hata mtumishi wa nyumba. Siku hiyo baba na wavulana washike moto.

Wala usiniambie hii ni mambo ya wenye hoteli. Chukueni nyoyo, mihogo, uji kwenye chupa, ngege wachache mkipata. Mahali hapakosekani. Walio upande wa Migori, pale Nyatike kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, na bado limesimama baada ya karne nyingi. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza mahali hapo katika Urithi wa Dunia. Watu wanatoka nchi za mbali kupaona. Je, mtoto wako anajua ni hapa kwetu? Walio upande wa Homa Bay mnayo Ruma, hifadhi ya taifa pekee nchini Kenya ambayo bado ina korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Mnayo pia Rusinga, ng'ambo ya Mbita, alikozikwa Tom Mboya. Na kama huna nauli, mwembe ulio nyuma ya nyumba ya nyanya unatosha. Kinachohitajika ni watu wako na simu kuwekwa mbali.

Niseme na hili kwa sababu ninawapenda: kutokuwa na wasiwasi si kutokuwa na uangalifu. Ziwa letu ni zuri, na ziwa letu linaua. Usimpandishe mtoto mashua bila jaketi la kuokolea maisha, hata kama nahodha ni shemeji yako. Upepo ukianza na wavuvi wakikwambia ngoja, ngoja. Wao wanalijua ziwa kuliko imani yako ya ghafla. Ulizeni wenyeji wa ufuo mahali penye kiboko na mamba. Maji yaliyotulia penye majani ndipo konokono wa kichocho wanapokaa, kwa hiyo watoto wasiogelee hapo, na waliozoea kuingia ziwani wapelekwe kituo cha afya wapimwe. Shetani alimwambia Yesu ajirushe kutoka kwenye kinara cha hekalu, naye akakataa kumjaribu Mungu. Sisi pia tusimjaribu.

Jambo lingine. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la maji ya chumvi, Simbi Nyaima. Wazee wetu wanasimulia kwamba palikuwa na kijiji pale, watu wakila na kusherehekea, akaja bikizee amechoka akiomba mahali pa kujisitiri. Wakamfukuza. Usiku huo maji yakakifunika kijiji chote. Hiyo ni hadithi ya mababu, si Maandiko, lakini walikuwa wameona kitu. Furaha inayofunga mlango haidumu. Ndiyo maana Mungu aliweka yatima, mjane na mgeni kwenye orodha ya karamu. Unapopanga siku yako, hesabu nafasi ya mtoto wa jirani ambaye mamake yuko kazini Nairobi. Hesabu yule mjane ambaye tangu matanga yaishe hakuna aliyebisha hodi kwake. Kiti kimoja zaidi hakitaivunja bajeti yako.

Sasa natoa pendekezo kwa makanisa yetu, na najua baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Likizo hii imejaa. Jumatatu semina, Jumatano maombi, Ijumaa kesha, Jumamosi mkutano wa vijana na mchango wa jengo. Yote ni mema. Lakini kanisa likichukua kila siku ya likizo, litakuwa limemchukua baba kwa watoto wake kwa jina la Yesu. Watoto hao wakikua watalikumbuka kanisa kama mahali palipowanyima wazazi. Tuachieni Jumamosi moja tu ya Agosti. Isiwe na ratiba, spika, fulana za kanisa wala bahasha. Kila nyumba itoke na watu wake. Jumapili tutakutana ibadani kama kawaida, na naamini tutaimba vizuri zaidi.

Na wewe mpendwa unayesoma hapa, usingoje kanisa litangaze. Kuna ndugu yako ambaye namba yake unayo lakini mara ya mwisho mlionana kwenye mazishi. Mpigie leo. Akishtuka na kuuliza, "Nani amekufa?" mwambie hakuna aliyekufa, tuko hai wote, ndiyo sababu nakupigia. Mpangie siku, mpangie mti, mwambie alete watoto.

Bwana awape siku ya kupumzika na watu wenu. Awalinde njiani na majini. Nyumba zenu zijae vicheko kabla hazijajaa waombolezaji, na watoto wenu wawe na la kusimulia.

Kwa jina la Yesu. Amina.